Nyonga ya Tusekile

Siku yangu ya kwanza kazini sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Nilifika Iringa asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiuma masikio, nimevaa koti nililoazima kwa mjomba na kushika cheti cha chuo ndani ya bahasha ya kaki. Mlinzi wa hospitali alinielekeza nyuma ya wodi ya upasuaji, kwenye vyumba viwili vilivyopakwa chokaa, na hapo ndipo kilipokuwa kitengo cha fiziotherapia. Mkuu wa Kitengo alikuwa Mama Kalinga, mwenyeji wa mtaa wa Kihesa, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana kuliko vyangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakisoma cheti changu polepole mpaka mwisho, kisha akanionyesha benchi lililoelekea mlango. Akasema nikae pale mpaka saa sita, nitazame kila anayeingia anavyotembea, halafu nimwambie anaumwa wapi kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Nilikosea karibu wote. Mzee niliyedhani anaumwa goti alikuwa na mgongo. Mama niliyesema ana kiuno alikuwa na kidonda cha unyayo. Mama Kalinga hakunicheka. Alisema tu kwamba chuo kilinifundisha majina ya misuli, na sasa ningefundishwa watu.

Nilikaa naye miaka sita. Ninyi vijana mlioko vitengoni leo mna mashine za umeme na za mawimbi ya sauti. Sisi tulikuwa na taa ya joto, beseni la nta ya moto la kuchovya mikono ya wenye baridi yabisi, mifuko ya mchanga ya kunyanyua, kamba na kapi ukutani, na kipimapembe, yaani rula mbili zilizounganishwa kwa msumari, za kuonyesha kiungo kinakunjika kwa kiasi gani. Yaliyobaki yote yalikuwa mikono na maswali.

Wagonjwa wetu wengi walitokana na ajali za barabarani na kiharusi. Lakini Iringa na Mbeya ni nchi ya milima na hewa nyepesi, na kila asubuhi utaona watu wanakimbia: wanafunzi wa vyuo, askari, vijana wanaotafuta maisha kwa miguu yao. Hao nao walitufikia. Mama Kalinga aliwahudumia kwa uangalifu uliozidi wa wengine, nami siku moja nilimuuliza sababu. "Festo," akaniambia, "kuna mguu unaovunjwa na ajali, na kuna mguu unaovunjwa na bidii. Wa kwanza kila mtu anauona. Wa pili, hata mwenyewe anauficha."

Alinieleza kwamba mfupa si kama chuma. Kila hatua unayokimbia unaupinda kidogo sana na kuuachia vinyufa visivyoonekana kwa macho, na mwili huvikarabati ukipata chakula na mapumziko. Ukikimbia tena kabla ukarabati haujaisha, nyufa zinashinda ukarabati. Ndivyo ilivyo pia kwa kano ya kisigino, ndivyo ilivyo kwa utando wa unyayo na kwa ule mkanda mrefu wa pembeni ya paja unaosugua goti. Hakuna siku mtu anayoweza kuitaja na kusema, niliumia siku ile. Kwa hiyo, kwa mkimbiaji, maswali ni dawa kuliko taa ya joto. Umeongeza nini wiki hizi, umbali au vilima? Unakimbia kwenye lami au udongo, na upande gani wa barabara, maana ukingo wa lami huinama na mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenzake kila siku. Viatu hivyo vina umri gani, na kabla yako vilivaliwa na nani? Uliwahi kuumia hapo hapo zamani? Unalala saa ngapi? Unakula nini?

Na kwa msichana, swali moja zaidi: siku zako za mwezi unaziona? Mama Kalinga alinifanya nilirudie mbele yake kama mtoto anayesoma katekisimu. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo, mwili wake hufunga kwanza mlango wa uzazi ili kubana matumizi, na mlango huo ukifungwa, siku hukoma na mifupa hukosa homoni inayoilinda. Anaweza kuwa na miaka kumi na tisa na mifupa ya bibi. Niliandika yote kwenye daftari. Kuliandika swali lile hakukuwa na taabu. Kulisema kulikuwa na taabu, kwa kijana wa Kilutheri aliyelelewa na baba mchungaji. Pale Iringa sikuhitaji, kwa sababu Mama Kalinga alikuwapo na alikuwa akiuliza mwenyewe.

Kisha nikahamishiwa Mbeya. Mganga Mfawidhi, bwana mrefu aliyependa michezo, aliniita ofisini wiki ya pili na kuniarifu kwamba Jumanne na Alhamisi alasiri ningekuwa nakwenda kwenye kambi moja ya wakimbiaji karibu na Uyole. Kambi haikuwa na mtaalamu, na vijana walikuwa wakikandana wenyewe kwa mafuta ya kupikia. Nilifurahi. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na nilijiona nimekomaa.

Kocha Mkuu wa kambi ile aliwahi kukimbia mwenyewe mpaka goti likamkatalia. Sitaki mumfikirie kuwa mtu mbaya. Alikula baada ya vijana wake kushiba, alilala nao kwenye jengo lile lile lenye madirisha ya mbao, na aliyefiwa na mzazi alisindikizwa na Kocha mwenyewe mpaka kaburini. Lakini alikuwa na imani mbili ambazo hakuna aliyeweza kumwondolea, mlima na mizani. Mara tatu kwa wiki walipanda barabara ya Tukuyu kutoka Uyole mpaka Isyonje, kwenye ukungu na viazi, kisha wakarudi mbio wakiteremka. Na kila Jumamosi walipanda kwenye mizani mmoja mmoja, naye akisoma kilo kwa sauti. "Mwepesi ndiye anayepanda," alisema. Nilimweleza mara kadhaa kwamba mteremko huumiza kuliko kupanda, kwa kuwa mguu unatua kwa kishindo na mfupa ndio unaokipokea. Alinisikiliza kwa adabu na hakubadilisha kitu.

Tusekile alikuja kambini akiwa na miaka kumi na minane. Alitoka kijiji kimoja cha juu ya Tukuyu, mama yake akiuza ndizi kando ya barabara. Jina lake kwa Kinyakyusa lina maana ya tumefurahi, lakini mwenyewe alikuwa mtulivu, mwenye kutabasamu kwa macho tu. Aliletwa kwangu mwezi wa tatu tangu ajiunge, anaumwa ugoko, ule mfupa wa mbele ya mguu. Nilipopitisha kidole juu ya mfupa aliruka. Nikaomba viatu vyake. Vilikuwa vya mitumba kutoka Mwanjelwa, vimelika ukingo wa nje, na ndani soli ilikuwa imelala kama chapati. Umbali wake ulikuwa umeongezwa karibu maradufu kwa wiki tatu.

Nilimpumzisha. Nilimpa mazoezi ya nyonga na ya nyayo, nikamwonyesha namna ya kukanda kwa barafu, nikamtafutia viatu vizuri zaidi kwa rafiki. Kocha alinung'unika, akakubali. Wiki ya sita alianza kutembea kwa kasi, ya nane akakimbia kwenye nyasi, ya kumi akarudi barabarani bila maumivu. Alinishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, na tangu siku hiyo alikuwa ananiita baba. Niliona fahari. Nikamwandikia Mama Kalinga barua ndefu kumweleza, naye akajibu kwa mistari michache: hongera, lakini aliyeumia mara moja ni rahisi kuumia ya pili, kwa hiyo nisimtoe machoni.

Mwaka uliofuata Tusekile alikuwa ndiye bora kambini. Alikuwa pia amekonda. Mashavu yalikuwa yameingia, na mikononi alikuwa ameota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Niliviona. Nilijua kwa kusoma kwamba mwili wenye njaa hufanya hivyo. Mpishi wa kambi aliwahi kuniambia, tukiwa tumesimama tu jikoni, kwamba yule binti anakatia wenzake nusu ya ugali wake na kusema ameshiba. Nililisikia hilo nikalipokea kama sifa ya ukarimu.

Zilikuja mbio za mchujo, nusu marathoni, na zilipangwa kufanyika Iringa. Wa kwanza na wa pili kwa wasichana wangechukuliwa kwenda kufanya mazoezi nje ya nchi. Kambi nzima ilikuwa inaliongelea hilo. Mama yake Tusekile alikuja siku moja na mkungu wa ndizi na kuku mmoja kwa Kocha, akapiga goti mbele yake kushukuru kabla hata ya jambo lenyewe kutokea.

Wiki mbili kabla ya safari, Alhamisi alasiri, Tusekile alibaki nyuma wenzake walipotoka chumbani. Alisema anahisi maumivu kidogo kwenye kinena cha kushoto. Nilimlaza kitandani. Nilipouzungusha mguu wake kwa ndani, pumzi yake ilikatika. Nikamwambia asimame aruke kwa mguu mmoja, kipimo rahisi tunachokitumia kuushtua mfupa wenye ufa. Aliruka mara tatu. Hakulia wala hakusema kitu, lakini alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, baba."

"Kidogo kiasi gani?"

Akanitazama muda mrefu. "Wewe unaonaje?" akasema.

Ninakumbuka kwamba alisema hivyo. Wakati ule nilidhani anataka kujua utaalamu wangu.

Nilimpeleka hospitali kwa picha ya eksirei. Picha ilitoka safi. Sasa, wanangu, hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Ufa wa aina hii kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale unapopinda kuingia nyongani, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei kwa wiki za mwanzo. Mama Kalinga alinifundisha. Nilijua. Kipimo kikubwa zaidi wakati ule kilikuwa Dar es Salaam, na mpaka mtu akipate, mchujo ungekuwa umepita. Kanuni inasema, ukiwa na shaka juu ya shingo ya paja, mgonjwa anapewa magongo siku hiyo hiyo na hakanyagi mpaka shaka iondoke. Ufa wa ugoko unaweza kukusamehe. Ule wa nyonga hausamehe.

Na kulikuwa na lile swali. Nilikuwa peke yangu naye, mlango umerudishwa nusu, daftari liko mezani. Kama angejibu kwamba hajaziona siku zake kwa miezi saba, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, picha safi isingenidanganya, na hata Kocha asingekuwa na la kunijibu. Nilifungua kinywa. Kisha nikamwona amekaa ameinamisha kichwa, ananiita baba, nikaona aibu. Nikauliza kama analala vizuri. Akasema analala vizuri.

Kocha Mkuu alikuja kesho yake kuchukua barua. Waandaaji walitaka kila mkimbiaji aliyewahi kuumia awe na karatasi ya mtaalamu. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kofia mkononi. Nilimwambia sina amani na nyonga ile. Akauliza picha inasemaje. Nikasema picha ni safi.

"Basi, daktari, unataka nini zaidi ya picha?" akasema, bila ukali. "Huyu mtoto akienda, mama yake ataacha kukaa kwenye vumbi. Mimi nafasi hii nilikuwa nayo ikanipita. Usimnyang'anye kwa sababu ya amani yako wewe."

Nje kulikuwa na wagonjwa wanasubiri. Nilichukua kalamu nikaandika kwamba amechunguzwa, picha haina dosari, na anaweza kushiriki kwa uangalifu. Yale maneno, kwa uangalifu, niliyaweka kwa ajili yangu. Hakuna mtu anayekimbia nusu marathoni ya mchujo kwa uangalifu.

Siku ya mbio nilisimama Ipogolo, chini kabisa ya mteremko unaotoka mjini Iringa, nimeshika maji na sifongo. Wavulana walipita kwanza. Halafu nikamwona Tusekile kwa mbali, yuko wa pili, nyuma ya mwenzake kwa hatua chache tu, anateremka. Bega la kulia lilikuwa limeinama kuliko kawaida yake. Nikajua. Nilianza kupanda barabara kumfuata, nikimpungia mkono asimame. Sijui kama aliniona. Alikuwa hajafika kwangu, labda mita hamsini, mguu wa kushoto ulipomkatikia. Hakujikwaa. Aliukanyaga tu, na haukuwapo.

Alianguka kwa ubavu na kuburuzika kwenye lami. Nilipomfikia, mguu ulikuwa umegeukia nje, umefupika, jinsi unavyokuwa kwa bibi aliyeanguka bafuni. Sikuhitaji kumgusa. Alikuwa ananiangalia na kusema, "Samahani, baba. Samahani." Mimi nilikuwa nimeshika kichwa chake, na sikuweza kujibu kwamba anayestahili kuomba samahani si yeye.

Walimlaza katika hospitali ile ile nilikoanzia kazi. Daktari bingwa wa mifupa alimfanyia upasuaji jioni ile na kuweka skrubu tatu. Alitueleza wazi, mimi na Kocha, kwamba mfupa umehama mahali pake na mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha paja huenda imekatika. Kama imekatika, kichwa kile kitakufa taratibu ndani ya nyonga. Kocha aliketi sakafuni kwenye korido, mtu mzima yule, mgongo ukutani. Mwaka huo aliacha kufundisha. Nilisikia alirudi kwao kulima.

Asubuhi nilikwenda Kihesa kwa Mama Kalinga, aliyekuwa amestaafu tayari. Alikuwa anachambua maharage uani. Nilimsimulia yote tangu mwanzo, naye hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Siku zake ulimuuliza?"

"Hapana, mama."

"Ulisahau?"

Ningeweza kusema nilisahau. "Sikusahau," nikasema. "Niliona aibu."

Nilitamani anigombeze. Mwishowe alisema, "Aibu yako ilikuwa ya dakika moja, Festo. Yake itakuwa ya maisha." Kisha akaingia ndani akanichukulia chai, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza kulia. Hakulirudia tena neno lile mpaka alipofariki, wala mimi sikumwomba alifute.

Hakuna aliyenilaumu. Taarifa iliyoandikwa ilisema ni bahati mbaya ya kimichezo. Barua yangu ilikuwa ndani ya faili, sahihi yangu chini yake, na kila aliyeisoma aliona mtaalamu aliyefanya kazi yake: amechunguza, amepiga picha, ametahadharisha. Mama yake Tusekile alinishika mikono kunishukuru kwa kuwa nilikuwapo pale alipoanguka. Nilikwenda kumtazama binti kila wiki miezi ile aliyokuwa kwenye magongo, nikamfundisha kutembea upya, na sikumwambia kitu. Ilipofika mwaka, picha ilionyesha kile daktari alichokihofia. Kichwa cha paja kilikuwa kimebonyea. Mguu wa kushoto ulibaki mfupi, na kuchuchumaa akawa hawezi tena. Akaacha kuja kliniki. Nilijiambia ni kwa sababu ya umbali.

Niliomba uhamisho kwenda Chunya. Mkuu wangu wa Mbeya alishangaa, maana watu huomba kutoka Chunya, si kwenda. Nilikaa huko miaka mingi, mpaka nikawa Mkuu wa Kitengo kwenye kitengo cha watu wawili. Vumbi liliingia mpaka kwenye nta. Wagonjwa wangu walikuwa wachimba dhahabu wenye migongo iliyochoka, akina mama waliopondaponda mawe mpaka viwiko vikavimba, na wakulima wa tumbaku. Hao pia walikuwa wamevunjwa na bidii, tofauti ni kwamba hawakupigiwa makofi. Niliwauliza kila kitu. Wanawake niliwauliza swali lile bila kupepesa, nikajifunza kwamba hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Walijibu kama mtu anayejibu jina la kijiji chake. Hilo lilinichoma kuliko nilivyotegemea.

Walikuja wakimbiaji wachache pia: walimu, na wasichana wawili wa sekondari. Waliotaka barua niliwaandikia nilichokiamini. Mwalimu Mkuu wa shule moja alinifuata mpaka nyumbani akilalamika kwamba nimeiharibia timu yake. Nilimkaribisha maji akanywa, na barua haikubadilika.

Nilistaafu mwaka juzi. Waliniaga kwa blanketi, saa ya ukutani na hotuba. Mganga Mkuu wa Wilaya alisema mengi juu ya moyo wangu wa huduma, na watu wakapiga vigelegele, nami nikawa nimekaa pale kwenye kiti kilichopambwa nikimwona binti amelala kwenye lami. Nilirudi Iringa, kwenye nyumba niliyojenga kidogo kidogo pale Kihesa. Wiki ya tatu mke wangu, aliyekuwa anajua habari yote, aliniambia nimekuwa mtu wa kukaa tu na kutazama ukuta, na kwamba kama kuna mahali natakiwa kwenda, basi niende.

Mmoja wa wakimbiaji wa zamani alinitumia namba ya simu ya binti. Tusekile alikuwa Ubaruku, ameolewa na fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, na ana mgahawa mdogo mkabala na mashine hizo. Nilipanda gari mpaka Igawa, kisha pikipiki mpaka huko. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya sufuria, kiti alichochongewa makusudi asilazimike kuinama. Alikuwa amenenepa, amependeza. Alinitambua kabla sijafika mlangoni, akateremka, akaja kunipokea kwa ule mwendo ambao mimi ni mmojawapo wa walioutengeneza.

Tulisalimiana, akaniuliza habari za mke na watoto, nami nikamuuliza za kwake. Ana watoto wawili. Kinachomsumbua zaidi ni nyonga wakati wa masika, na kwamba kwenye majaruba ya mume wake hawezi kupandikiza mpunga kama wanawake wengine, hivyo mawifi humwona mvivu. Alilisema hilo kwa kawaida tu. Aliniwekea wali na samaki. Mimi sikuanza kula. Nilimwambia kuna jambo nimelileta.

Nikamwambia. Kwamba nilijua picha safi si ushahidi. Kwamba nilitakiwa kumpa magongo siku ile. Kwamba kulikuwa na swali nililofundishwa na sikumuuliza, nikamtajia ni lipi. Kwamba nilisaini ile barua huku moyo wangu ukinikataza, na kwa miaka yote hii nimemwacha adhani aliponzwa na bahati.

Aliendelea kupangusa meza kwa kitambaa, pole pole, sehemu ile ile. Kisha akaketi mbele yangu.

"Ile barua niliisoma, baba," akasema. "Kocha alinipa niishike njiani kwenda Iringa. Haikuwa imefungwa."

Nikangoja.

"Nilikuwa naumia kuliko nilivyokwambia. Usiku nilikuwa nalia kwenye shuka ili wenzangu wasisikie. Lakini ningesemaje? Mama ameshapiga goti. Kocha ananiita mwanangu. Nilivyokuja kwako Alhamisi ile nilibaki nyuma makusudi. Nilisema, huyu ataona, ataandika hapana, na watamkasirikia yeye, mimi nitapona." Alitazama nje, kwenye magunia yaliyokuwa yanapakiwa. "Niliikunjua barua ndani ya gari. Nikasoma anaweza. Nikasema, basi, kama hata baba ameona ninaweza, labda ninaweza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na nilikuwa nimejiandaa, nisiwadanganye, kwa msamaha wake. Nilimwomba anisamehe. Alinitazama kwa macho yale ya utulivu ambayo miaka haikuyabadilisha, akasogeza sahani karibu nami.

"Kula kwanza, baba," akasema. "Umetoka mbali."

Nikala. Alikaa pale mpaka nikamaliza, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Neno la msamaha hakulisema, na nilipompigia simu wakati wa Pasaka tuliongea habari za mvua na watoto.

Ninyi vijana wa kitengo cha Iringa mmeniomba niwaandikie yale niliyojifunza kazini. Nimewaandikia ya kano na ya mifupa, viatu na miteremko, na mengine mtayapata vitabuni kwa maelezo mazuri kuliko yangu. Hili la mwisho halimo vitabuni. Mgonjwa wako anaweza kuwa amekuja kwa sababu hana mtu mwingine wa kumkataza. Ana mama, ana mwalimu, ana jina lililoshaandikwa kwenye orodha, na wote wanampenda, na wote wanamtaka akimbie. Anakwambia ni kidogo tu, huku ameshika ukingo wa meza. Wewe una kalamu. Mimi nilikuwa nayo.